Mji wa Kirumi juu ya mlima kule Algeria: walifata nini, nani alijenga, na watu wake walienda wapi?

SWALI: Mtaalamu habari za kazi. Nimeona picha za magofu ya Djémila kule Algeria, yaani mji mzima wa Kirumi uko mlimani, barabara ya mawe, nguzo, tao kubwa, halafu pembeni ni mabonde tu. Mimi nilijua Warumi ni watu wa pwani na tambarare. Sasa kule juu walifata nini? Nani aliwajengea, watumwa? Na mbona waliondoka wakaacha kila kitu?

JIBU: Njema ndugu yangu, na unisamehe kwa kuchelewa, swali lako sio la mistari miwili. Djémila nimefika, nilikaa siku nne nikiwa bado mwanafunzi, mwezi wa pili, na niliondoka na mafua maana nilibeba koti la kuendea ofisini nikijua naenda Afrika. Kule kuna theluji. Kwahiyo ukiona picha yenye jua kali ujue ni ya kiangazi, wenyeji wa huo mji wa zamani walikuwa wanaota moto kama watu wa Makete.

Tuanze na jina maana jina lenyewe lina nusu ya jibu. Djémila ni Kiarabu, ni hilihili Jamila tunalowapa mabinti zetu, yaani mzuri. Ila hilo limekuja baadaye sana. Enzi za Warumi mji uliitwa Cuicul, na Cuicul sio Kilatini wala Kigiriki, ni jina la wenyeji, hawa ambao vitabu vingi vinawaita Waberberi na wao wenyewe wanajiita Amazigh. Warumi walipokuja hawakulifuta, wakaliacha. Maana yake palikuwa na jina na jina halikai bila watu, kwahiyo ile picha ya kichwani kwamba mgeni kafika kwenye kilima kitupu akaanza kujenga, hiyo iweke pembeni kwanza.

Sasa mahali penyewe. Ni kama mita 900 kutoka usawa wa bahari, kilomita kama 50 kaskazini mashariki ya mji wa Sétif. Mlima unatoa mgongo mwembamba unaoshuka kuelekea kaskazini, umekaa kama pembetatu, kushoto korongo lenye mto, kulia korongo lenye mto, na kule nchani mito inakutana. Ukisimama katikati pande zote mbili ni mteremko. Kwa mtu anayetaka kulala bila wasiwasi hapo ni pazuri mno, adui ana upande mmoja tu wa kuja kirahisi, ule wa juu kusini, na huo ukiuwekea ukuta na geti umemaliza kazi.

Ila ulinzi peke yake hautoshi kueleza. Mji ulianzishwa miaka ya 96 hadi 98 baada ya Kristo, wakati wa kaisari Nerva, kwa ajili ya askari wastaafu. Hapa elewa hesabu ya Roma ilivyokuwa: eneo lote lile la Afrika Kaskazini, kuanzia upande wa Libya mpaka huku, lilikuwa na lejioni moja tu ya kudumu, Lejioni ya Tatu Augusta, watu kama elfu tano hivi ukiacha vikosi vya usaidizi. Elfu tano kwa nchi kubwa namna ile! Huwezi kuweka askari kila kilima. Kwahiyo ukimaliza miaka yako 25 jeshini, kiinua mgongo chako mara nyingi kilikuwa shamba, na shamba wanakupa pale ambapo serikali ingependa kuwe na watu wake. Mstaafu anajua kushika upanga, anajua amri, ana mke na watoto, hatokimbia kirahisi maana mali yake yote iko hapo. Bei rahisi kuliko kambi.

Na kilima chenyewe kilikuwa kwenye njia. Kulikuwa na barabara inayounganisha Cirta, ambayo leo ni Constantine, na Sitifis, ambayo ni hiyo Sétif, na Cuicul iko katikati. Ukanda wote ule ni nchi ya ngano, na ngano ya Afrika ndo iliyokuwa inalisha jiji la Roma pamoja na ile ya Misri. Kwahiyo jibu fupi la swali lako la kwanza: hawakufata mandhari, walifata ngano na barabara inayopita ngano.

Sasa kitu ninachokipenda mimi kuliko vyote ni jinsi mlima ulivyowabishia. Kuna mji mwingine hukohuko Algeria unaitwa Timgad, ulianzishwa mwaka 100, yaani miaka michache tu baada ya huu, nao wa wastaafu. Timgad palikuwa tambarare kwahiyo wakaupanga kama ubao wa drafti, mitaa imenyooka, kila kiwanja mraba, yaani ramani kama ilivyotoka ofisini. Cuicul nao walikuja na ramani ileile kichwani, barabara kuu moja ya kaskazini kusini, uwanja katikati, hekalu kuu, ukumbi wa baraza, vyote vipo, lakini mgongo wa mlima haukuwapa nafasi. Mitaa inapinda, nyumba zimebanana, sehemu nyingine sakafu ya jirani iko juu ya dari yako. Ukitembea miguu inakwambia kabla ya macho, unashuka unapanda unashuka. Mimi naona Timgad ni mzuri kwenye picha ya angani, Djémila ni mzuri kwa mtu wa miguu. Najua wenzangu wengi wanaisifia zaidi Timgad, shauri yao.

Haya, nani alijenga. Watumwa walikuwepo, tusidanganyane, ile ilikuwa jamii yenye watumwa kila kona na mawe hayajibebi yenyewe. Ila ukiuliza nani alilipa na nani aliamua, hapo ndo Djémila inakuwa tamu, maana majibu yameandikwa kwenye mawe na bado yanasomeka.

Nenda sokoni. Pembeni ya uwanja wa zamani kuna soko, ua wa mraba wenye nguzo, katikati kulikuwa na kibanda, kuzunguka ni vyumba vya wauzaji na meza zao za mawe. Wataalamu wanaliita soko la Cosinius. Kwanini? Kwa sababu mwenyewe kaandika. Anaitwa Lucius Cosinius Primus, anataja vyeo vyake vyote vya pale mjini kimoja baada ya kingine kama mtu anayesomewa wasifu siku ya mahafali, halafu anasema alipopata ukuhani wa kudumu aliahidi kujenga soko kwa sesterti 30,000, yaani hela ya Kirumi, akaongeza hela juu ya alizoahidi, akajenga kuanzia msingi, soko pamoja na nguzo, sanamu, kibanda cha katikati na sehemu ya mizani. Na msimamizi wa ujenzi nani? Mdogo wake au kaka yake, Gaius Cosinius Maximus. Yaani ahadi ya kampeni, bajeti imepanda, na msimamizi ni ndugu. Karne ya pili hiyo.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi: ukitaka udiwani au ukuhani wa mji hulipwi mshahara, wewe ndo unalipa. Kuna ada ya kuingia kwenye cheo, na juu ya ada mtu anaahidi kitu kinachoonekana, sanamu, soko, basilika (ukumbi mkubwa wa mji), michezo, ili jina libaki. Serikali ya Roma haikuwa inatuma hela za kujenga masoko mlimani. Matajiri wa palepale ndo walitoa, na hao matajiri baada ya vizazi viwili vitatu huwezi tena kusema huyu mjukuu wa askari huyu mjukuu wa mwenyeji, wameoana, wote wana majina ya Kilatini, wote wanasali kwa Saturni, ambaye ukimchunguza ni mungu wa zamani wa huko, Baal Hammon, kavalishwa jina la Kirumi. Nguzo ndogo za mawe za kumtolea Saturni nadhiri ziko nyingi pale makumbusho.

Kabla hujatoka sokoni tafuta kitu kimoja. Kuna bamba la jiwe limechimbwa mashimo ya duara, makubwa kwa madogo. Mtu asiyejua anadhani ni bao. Ni vipimo! Kila shimo ni ujazo fulani uliokubaliwa, kama kibaba na pishi zetu, ukinunua nafaka ukihisi umeibiwa unaenda kumwaga pale mbele ya watu. Nilikaa mbele ya jiwe lile nikacheka peke yangu nikikumbuka wakulima wetu wanavyolalamikia lumbesa mpaka leo. Nilipitisha kidole ukingoni mwa shimo moja, limekuwa laini kama sabuni. Mikono mingi imepita pale.

Kuhusu ufundi, angalia kuta zilivyojengwa, utaona jiwe kubwa limesimamishwa wima, kisha katikati wamejaza vijiwe vidogo na udongo au chokaa, halafu jiwe kubwa tena. Watu wa fani wanaita ujenzi wa Kiafrika, kwa Kilatini opus africanum, na ulikuwepo Afrika Kaskazini tangu enzi za Wakarthago, watu wa mji wa Karthago kule Tunisia ya leo, kabla Roma haijafika. Maana yake fundi ni wa hukohuko na mbinu ni ya hukohuko, ramani tu ndo ya mgeni.

Mji ukanenepa. Karne ya pili ndani ya ukuta pakajaa, wakatoka nje kuelekea kusini kupanda mlima. Ukumbi wa maigizo wakauchonga kwenye mteremko nje ya ukuta, unachukua watu kama 3,000, wameegemeza viti kwenye kilima badala ya kujenga kuta za kubeba viti, akili ya kuokoa hela. Mwaka 183 wakati wa kaisari Commodus wakajenga mabafu makubwa. Mabafu yale usiyapite haraka. Sakafu ya chumba cha moto haijakaa ardhini, imebebwa na vinguzo vifupi vya matofali, chini yake moshi moto kutoka kwenye tanuri ulikuwa unapita, na kwenye kuta kuna njia za mabomba ya udongo za kupandisha joto. Yaani unaoga maji moto chumba chenye sakafu ya moto huku nje kuna theluji. Ni nani atakayehama hapo kwa hiari?

Halafu uwanja mpya, mkubwa, na pembeni yake lile tao uliloona kwenye picha. Ni la mwaka 216, la heshima ya kaisari Caracalla, pamoja na mama yake Julia Domna na baba yake Septimius Severus ambaye alishafariki. Sasa hao ni watu gani? Septimius Severus kazaliwa Leptis Magna, Libya ya leo. Julia Domna katoka Emesa, Homs ya Syria. Kwahiyo tao la "Kirumi" la mlimani Afrika limejengwa na Waafrika kumheshimu mtoto wa baba wa Afrika na mama wa Syria, nalisema hili maana kuna watu wakisikia Roma wanaona Wazungu wa Italia tu. Huyo Caracalla ndo mwaka 212 aliyetangaza watu huru wote wa dola wawe raia wa Roma. Na ni huyohuyo aliyekuwa kamuua mdogo wake Geta mwaka mmoja nyuma, na jina la Geta likafutwa kwa patasi kwenye mawe dola nzima. Mwaka mmoja baada ya tao, 217, na yeye akauawa, na aliyerithi kiti ni Macrinus, mtu wa Caesarea, Cherchell ya leo, hukohuko Algeria. Wana Cuicul hawakusumbuka kulibomoa tao la Caracalla, na mwaka 229 wakapandisha hekalu kubwa hapo jirani kwa ajili ya ukoo uleule wa Severus.

Tao lenyewe nusura liondoke. Mwaka 1839 mtoto wa mfalme wa Ufaransa, yule Duke wa Orléans, alipita pale na jeshi lao lililokuwa linaivamia Algeria, akalipenda, akataka livunjwe jiwe kwa jiwe lipelekwe Paris lisimamishwe kama kumbukumbu ya jeshi. Mwaka 1842 akafa kwenye ajali ya gari la farasi, na mpango ukafa naye. Ndo sababu leo unaliona mlimani na sio katikati ya magari ya Paris.

Ukristo nao ulifika, na ulijenga kwa nguvu kwelikweli. Upande wa juu kusini mashariki kuna mtaa mzima wa kanisa, basilika mbili pamoja, nyumba ya askofu, na jengo la ubatizo ambalo ndo jengo pekee pale utakalosikia sauti yako ikirudi, maana limeezekwa upya kuba. Ni la duara, kuna ukumbi mwembamba wa kuzunguka wenye vijumba ukutani kwa wanaojiandaa, na katikati kisima cha kubatizia chini ya nguzo nne, sakafu imejaa mozaiki, yaani picha za vijiwe vya rangi, za samaki na viumbe wa majini. Anayebatizwa anashuka majini huku samaki wa mawe wamemzunguka.

Hapohapo mjini kuna nyumba wanayoiita Nyumba ya Punda kwa sababu ya mozaiki ya punda yenye maneno asinus nica, yaani punda, ushinde! Kuna wanaosema ni wapagani walikuwa wanawakejeli Wakristo, kuna wanaosema ni utani tu wa mashindano. Mimi niko upande wa utani, mwenye nyumba haweki matusi ya dini sakafuni sebuleni kwake wageni waje wayakanyage, ingawa kwa kweli nimeshawahi kubishiwa sana kwenye hili.

Sasa swali lako la mwisho, mbona waliondoka wakaacha kila kitu. Hapa ndo nataka unielewe vizuri maana picha zinadanganya.

Hakuna siku moja waliyoamka wakafunga mizigo. Wavandali, kabila la Kijerumani, walivuka kutoka Hispania mwaka 429, wakaichukua Karthago 439, na ule mfumo wa ngano, kodi na barabara uliokuwa unaupa mji maana ukaanza kulegea. Kabla ya hapo ardhi nayo iliwatikisa, Agostino askofu wa Hippo, Annaba ya leo, alihubiri habari ya tetemeko la Sitifis, jirani kabisa, watu wakalala mashambani siku tano na kama elfu mbili wakabatizwa kwa hofu. Wabizanti, yaani Warumi wa mashariki, wakaja 533. Na mwaka 553 bado kuna askofu wa Cuicul kwenye mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa Konstantinopoli, Istanbul ya leo, maana yake karne nzima na zaidi baada ya Wavandali mji ulikuwa una watu, una kanisa, una mtu wa kumlipia askofu nauli. Baada ya hapo ndo maandishi yanakata.

Tajiri hajengi tena soko kwa sababu cheo cha udiwani hakina faida tena, bafu likiharibika hakuna wa kulitengeneza, familia moja inahamia karibu na shamba lake bondeni, nyingine inafata, waliobaki wanagawa jumba la kifahari vyumba vyumba na kufuga mbuzi uani. Watu hawakupotea, walishuka. Wajukuu wao wamekaa kwenye milima hiyohiyo, wakabadili lugha, wakabadili dini, wakaja kupaita Djémila.

Na lingine ambalo sisi wa fani hatupendi kulisema kwa sauti. Uchimbaji mkubwa wa Djémila ulianza 1909 ukaenda mpaka 1957, enzi za Wafaransa, na wachimbaji wa wakati ule walikuwa wanatafuta Roma. Wakikuta ukuta mbovu wa karne ya saba, banda la mtu aliyeishi juu ya uwanja, wengi waliutoa haraka ili wafike kwenye mawe mazuri ya chini. Kwahiyo ule usafi unaouona kwenye picha, kana kwamba watu waliondoka jana wakafagia, sehemu yake ni kazi ya koleo. Walioishi mwisho ndo waliofagiliwa.

Paa ziko wapi? Zilikuwa mbao na vigae, mbao zikaoza au zikachomwa, vigae vikavunjika, mvua ikaingia kwenye udongo wa kuta, mlima ukashusha tope ukafukia. Tope ndo lililotunza. Linganisha na Cirta na Sitifis, ile miji haikufa, iliendelea, leo ni majiji makubwa, na Roma yao iko chini ya maduka na barabara, mawe yake yameshajengea nyumba za watu mara kumi. Cuicul ulikufa mahali ambapo hakuna mtu aliyehitaji mji tena, ndo maana bado upo. UNESCO wakauingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1982, pamoja na huo Timgad.

Ukipata nafasi ya kwenda, lala Sétif, asubuhi panda gari mpaka Djémila, na anza na makumbusho pale mlangoni kabla ya magofu, sio baada. Mozaiki zilizokuwa sakafuni wamezipandisha ukutani, mpaka juu karibu na dari, wawindaji na miungu ya baharini. Ukishaziona ndo utembee, kila sakafu tupu utakayoikuta nje unajua ilivaa nini. Viatu vyenye soli ya kushika, mawe yale yanateleza hata bila mvua. Na pale sokoni kwenye lile jiwe la vipimo utakuta watalii wamelikalia wanapumzika, waombe wasogee kidogo upitishe kidole kwenye shimo.